Kompyuta Zimefika Mahakamani, Kanuni za 1908 Hazijaondoka

Tangu Machi 2024, Jaji Mkuu wa Kenya Martha Koome alipozindua uwasilishaji wa kesi kwa njia ya kielektroniki katika vituo vyote vya mahakama nchini, kumeenea usemi kwamba mahakama zetu sasa zimeachana na ukoloni. Faili lililofungwa kwa uzi, karani anayelitafuta masjala asilione, mdai anayetoka Faza au Kizingitini alfajiri kwa boti aje Amu, mji wa Lamu, kugongewa muhuri kwenye ukurasa mmoja: yote hayo, tunaambiwa, yamepitwa na wakati. Mimi naona tumechanganya mambo mawili. Karatasi haikuwa ukoloni. Ukoloni uliobaki katika kesi za madai umo katika mpango wenyewe wa kesi, yaani nani huanza kusema na kwa lugha gani, nani hutakiwa kuleta ushahidi upi, na nani huamua kesi iende kwa kasi gani. Mpango huo umechukuliwa ulivyo ukapandishwa kwenye kompyuta. Kwa watu wa Lamu na Malindi, ambao kesi zinazowanyima usingizi ni za ardhi na za mirathi, mageuzi yakiishia hapo hayatawafikia. Baadhi yao watajikuta mbali na hakimu kuliko walivyokuwa.

Wengi hudhani kanuni zetu za kesi za madai zilitoka London. Zilitoka India. Uingereza ilitangaza Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1895, na Desemba mwaka huohuo ikafunga mkataba na Sultani wa Zanzibar wa kusimamia ukanda wa maili kumi wa pwani pamoja na visiwa vya Lamu. Mwaka 1897 ikatoka amri ya Malkia iliyopanga mahakama za himaya na kuziagiza zitumie sheria kadhaa za India, ikiwemo ile ya mwenendo wa kesi za madai. Sheria hiyo ilikuwa imeanza huko India mwaka 1859, ikaandikwa upya 1877 na 1882, kisha 1908. Kenya ilipotunga sheria yake yenyewe mwaka 1924, iliiga ile ya India ya 1908. Hiyo ya 1924 ndiyo Sura ya 21 ya sheria zetu mpaka leo. Ni kweli imerekebishwa mara nyingi. Mwaka 2009 viliongezwa vifungu vya 1A na 1B vinavyotaka kesi ziamuliwe kwa haki, kwa haraka na kwa gharama ambayo watu wanaimudu, na mwaka 2010 kanuni zake ziliandikwa upya. Lakini mtu aliyezoea kitabu cha India akipewa cha Kenya hatahitaji kuelekezwa njia.

Waliotunga kanuni hizo wanastahili kutendewa haki, maana hoja kwamba zilitungwa ili kumkomoa mtu mweusi haina msingi. India ya karne ya 19 ilikuwa na mahakimu wengi ambao hawakusomea sheria. Walikuwa maofisa wa utawala, waliokusanya kodi na kusikiliza kesi kwa wakati mmoja. Mtu wa namna hiyo alihitaji kitabu kimoja kinachomwonyesha hatua kwa hatua: hati ya madai iandikweje, samansi ipelekwe vipi, hukumu itekelezwe vipi, na fomu za mfano ziwe mwishoni. Kwa kipimo cha zama zile yalikuwa mageuzi ya kweli, na yalirahisisha mambo kuliko utaratibu wa Uingereza wenyewe ulivyokuwa kabla ya marekebisho makubwa ya mahakama zao ya 1873 na 1875. Kitabu kilipofika huku kilikuta hali ileile, kwani mkuu wa wilaya alikuwa pia hakimu. Tena ndani ya kanuni za India za 1908 mna Amri ya 10 (Amri hapa ni fungu la kanuni), ambayo kwangu ni sehemu bora kuliko zote. Inamtaka hakimu, siku ya kwanza ya kusikiliza kesi, amuulize kila upande kwa mdomo ni yapi anayokubali katika maneno ya mwenzake na yapi anayoyakana, na inamruhusu awahoji wenyewe mpaka kiini cha ugomvi kijulikane. India inayo hadi leo. Sasa fungua Kanuni za Kenya za 2010, Amri ya 10, uone inahusu nini: matokeo ya mdaiwa kutofika, au kutoleta utetezi wake kwa wakati. Nambari zimelingana kwa bahati tu, lakini tofauti ya yaliyomo inasema mengi. Kwao hakimu anaanza kwa kumuuliza mtu. Kwetu mtu aliyekosa kuleta waraka anaweza kuhukumiwa kabla ya kuulizwa neno. Kipo kikao cha maandalizi katika Amri ya 11, lakini nacho huendeshwa kwa dodoso na fomu zilizotungwa kana kwamba kila mdai ana wakili.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi na wanaosema tatizo ni kwamba tulirithi utaratibu wa Kizungu. Tulirithi utaratibu uliotungwa kwa ajili ya hakimu asiye na mawakili mbele yake, tukaondoa lile jukumu la hakimu kuuliza, tukabakiza masharti. Pengo likajazwa na dhana kwamba mawakili wapo. Nairobi wapo wa kutosha. Lakini mtu wa Kiunga, wa Ndau, wa Magarini au wa Marafa wakili wake yuko mbali, na kumlipa kunahitaji fedha ambazo mara nyingi ni sawa na thamani ya ugomvi wenyewe.

Pwani, zaidi ya hayo, haikusubiri kitabu hicho ili ijue kuhukumu. Chini ya Sultani kulikuwa na liwali, yaani gavana wa mji, na kadhi, na mudir aliyesimamia eneo dogo chini ya liwali, na mwenendo wa kesi mbele ya kadhi ulijulikana na watu wote, hata wasiojua kusoma: mdai anasimama na kusema dai lake, kadhi anamgeukia mdaiwa, akikana mdai anatakiwa alete mashahidi, asipokuwa nao mdaiwa anaapishwa. Ushahidi ni juu ya anayedai na kiapo ni juu ya anayekana. Mtu aliingia barazani akijua anachotakiwa kufanya. Sheria za mahakama za 1907 hazikuwaondoa hao watatu. Ziliwaweka chini, zikawaita mahakama za wenyeji, na juu yao ikawa mahakama ya hakimu wa Kiingereza yenye kitabu cha India. Uhuru ulipokuja, liwali na mudir walitoweka, kadhi akabaki kwa ahadi iliyoandikwa mwaka 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte. Ahadi ilitimizwa, lakini angalia ilivyotimizwa. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967, kifungu cha 8, ilimpa Jaji Mkuu uwezo wa kutunga kanuni za mwenendo kwa kushauriana na Kadhi Mkuu, na ikasema kwamba hadi kanuni hizo zitungwe, kadhi afuate mwenendo wa mahakama za chini uliomo katika Sura ya 21. Kanuni zenyewe zilipatikana mwaka 2020. Kwa zaidi ya miaka 50 ya uhuru, kadhi wa Lamu akigawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu alitakiwa kisheria kuiendesha kesi hiyo kwa mwenendo ulioigwa India. Hilo tuliliandika sisi, katika bunge letu, na ninavyoona hakuna aliyekusudia ubaya. Lilikuwa jambo la kuandika kwa muda tu, likakaa nusu karne.

Wako wanaosema hayo ni ya wanasheria, kwamba utaratibu ni chombo tu na la muhimu ni haki iliyomo ndani. Siwezi kukubaliana nao nikikumbuka habari ya wakfu, yaani mali inayofungwa isiuzwe wala kurithiwa ili faida yake iwaendee waliotajwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 rufaa ya familia moja ya Mombasa ilifika London, kwenye baraza lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni. Suala lilikuwa kama wakfu uliowekwa kwa faida ya jamaa wa mwekaji ni halali. Kwa elimu ya Kishafii, madhehebu ya sheria ya Kiislamu ambayo makadhi wa pwani waliisoma na kuifundisha, ni halali. Baraza lilifuata uamuzi uliokuwa umetolewa mwaka 1894 katika kesi ya India, likasema si halali. Elimu haikukosekana pwani. Utaratibu ndio uliokwisha kuamua elimu ya nani inahesabika: uamuzi wa mahakama ya juu ulimfunga jaji, kauli ya mwanachuoni ilikuwa maoni tu. Wakfu wa familia ukabaki kutegemea sheria iliyotungwa na serikali, ile ya Makamishna wa Wakfu ya 1951. Hata leo rufaa ikitoka kwa kadhi huenda Mahakama Kuu, ambako kifungu cha 65 cha Sura ya 21 kinamtaka Kadhi Mkuu au makadhi wawili wakae kama washauri. Wanakaa, wanashauri, na mwenye kuamua ni jaji. Sisemi jaji huyo anakosea. Nasema mwenendo wa kesi hugawa mamlaka hata pale unapojionyesha kuwa hauna upande.

Upande wa Malindi jambo hili linaonekana waziwazi katika ardhi. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani apeleke dai lake kwa msajili maalumu ndani ya muda uliowekwa, kwa maandishi, na alithibitishe. Ardhi isiyodaiwa na mtu ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na hati, waliojua ofisi ilipo na waliozoea kuandikiana walijitokeza. Wamijikenda waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao humo, kwa desturi isiyoandikwa popote, wengi wao hawakujitokeza. Hakuna aliyewanyang'anya ardhi kwa bunduki siku hiyo. Walipoteza kwa sababu ya tarehe ya mwisho na fomu. Wajukuu zao ndio tunaowaita maskwota, na baadhi yao leo huenda mahakamani kudai ardhi kwa njia pekee waliyoachiwa na sheria, kwamba wameikalia wazi kwa miaka 12 au zaidi bila idhini ya mwenye hati. Hapo wanakutana na Amri ya 37, kanuni ya 7: ombi la namna hiyo lazima liambatane na hati ya kiapo, na kiapo hicho kiwe na nakala ya rejista ya hatimiliki iliyothibitishwa na ofisi ya ardhi. Nakala ya hati ya mtu mwingine, ambaye huenda hajawahi kuonekana kijijini. Mlalamishi aliyeikosa kwanza aitafute, alipe, na mara nyingi aambiwe nambari ya ploti aliyonayo hailingani na kumbukumbu za masjala. Wapo majaji walioilegeza kanuni hiyo kwa kutegemea ibara ya 159 ya Katiba, inayosema haki itolewe bila kung'ang'ania masharti ya utaratibu kupita kiasi. Wapo walioishikilia na kesi zikatupwa. Mtu mmoja na mwenzake wenye shida ileile hutoka mahakamani na majibu mawili.

Nilikuwa mahakama moja ya pwani, si zamani, nikamwona mama mtu mzima ameshika karatasi iliyochapishwa saiba, duka la intaneti. Kijana wa saiba ndiye aliyemfungulia akaunti, akaweka nambari yake ya simu na barua pepe ya kwake yeye kijana, maana mama hakuwa nayo. Notisi ya kesi ilikwenda kwa kijana. Kijana alikuwa amehama. Kesi ilitajwa, mama hakuwepo, na sasa alikuwa akiuliza aanzie wapi.

Sitaki kisa hicho kibebe uzito kuliko kinavyostahili. Mfumo wa kielektroniki una faida za kweli na ni dhuluma kuzikana. Kwa Lamu umbali ni jambo kubwa. Mahakama Kuu iliyo karibu iko Garsen, kaunti ya Tana River, na kutoka Amu mtu avuke hadi Mokowe kisha ashike barabara iliyowahi kufungwa mara kadhaa kwa sababu za usalama. Wakili wa Mombasa anayeweza kuwasilisha hati akiwa ofisini kwake, na kutajiwa kesi kwa njia ya video, anamwokolea mteja wake wa Lamu nauli na malazi. Marekebisho ya Kanuni yaliyofanywa mwaka 2020 yaliruhusu samansi ipelekwe kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu, na hilo ni zuri kwa wavuvi na mabaharia ambao mpeleka samansi hawapati nyumbani. Risiti haipotei. Tarehe ya kesi inaonekana. Yote haya nayaunga mkono. Lakini tazama faida hizi zinamfikia nani kwanza: mwenye wakili. Mfumo umeharakisha mazungumzo kati ya wakili na masjala. Mazungumzo kati ya mdai na hakimu, yale ambayo Amri ya 10 ya India iliyataka na ambayo baraza la kadhi liliyajua, hayamo ndani yake kwa sababu hayamo katika kanuni ambazo mfumo umezibeba.

Upo pia ukuta wa lugha, nao unashangaza zaidi kwa kuwa sheria imeutoboa na hakuna anayepita. Kifungu cha 86 cha Sura ya 21 kinasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na kwamba maombi ya maandishi kwa mahakama hizo yanaweza kuwa kwa Kiswahili. Soma tena: mtu wa Shela anaweza leo kumwandikia hakimu wa Lamu hati ya madai kwa Kiswahili na sheria ikawa upande wake. Kwa nini hafanyi hivyo? Kwa sababu fomu zilizoambatishwa kwenye Kanuni ni za Kiingereza, kwa sababu wakili alisomea kwa Kiingereza, na kwa sababu kifungu hichohicho kinasema ushahidi unaweza kutolewa kwa Kiswahili lakini uandikwe kwa Kiingereza. Shahidi anasema mpaka ulikuwa mkwaju ule ulioangushwa na upepo wa kusi, hakimu anayejua Kiswahili barabara anasikia, kisha anaandika sentensi ya Kiingereza, na rufaa ikija jaji anasoma sentensi hiyo, si maneno ya shahidi. Katiba ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Tanzania mwaka 2021 ilibadili sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya mahakama zake. Si kwamba huko mambo yamekamilika, kwani kutafsiri sheria na maamuzi ya miaka mingi ni kazi ndefu. Lakini wameamua mzigo wa kutafsiri ubebwe na serikali. Kwetu unabebwa na mama wa Mpeketoni au mzee wa Ganda.

Mawakili wana hoja ambayo naiheshimu, na nadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote zinazopingana nami. Wanasema masharti ya utaratibu humlinda mnyonge. Mdaiwa asiye na uwezo anahitaji kujua mapema anadaiwa nini, kwa hati ipi na kwa ushahidi upi, ili asivamiwe siku ya kesi. Wanaongeza kwamba hakimu anayeuliza maswali mwenyewe anaweza kuegemea upande, na kwamba Mahakama ya Juu imeonya kuwa ibara ya 159 haikuwekwa ili iwe kimbilio la kila uzembe. Kweli tupu. Uhakika wa utaratibu ni haki, na tajiri ndiye anayefaidi zaidi pale mambo yanapoachwa kwa hiari ya hakimu. Lakini hoja hii inatetea kuwepo kwa masharti, haitetei haya tuliyo nayo. Sharti la kumjulisha mdaiwa madai yaliyo dhidi yake linamlinda. Sharti la skwota kuleta nakala ya rejista ambayo serikali yenyewe ndiyo inayoihifadhi halimlindi mtu yeyote. Mwenye hati hapotezi chochote mahakama ikimwagiza msajili ailete. Na woga wa hakimu kuegemea upande una dawa yake katika kumbukumbu kamili ya maswali na majibu, ambayo kwa vifaa vya kurekodi vya leo ni rahisi kuliko ilivyokuwa 1908.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi vijiweni, ni kwamba tuzitupe kanuni zote turudi kwa wazee. Sera ya mifumo mbadala ya haki iliyotolewa mwaka 2020 imeipa nguvu, na ibara ya 159 yenyewe inataka suluhu, upatanishi na njia za jadi ziendelezwe. Sina tatizo na upatanishi. Kesi nyingi za ndugu kwa ndugu zinafaa kuishia huko, na upatanishi ulioambatanishwa na mahakama, ulioanza Nairobi mwaka 2016, ni hatua nzuri. Lakini anayesema turudi anatakiwa aseme turudi kwa nani. Pwani hii ilifuta hadhi ya utumwa kisheria mwaka 1907, mwaka uleule mahakama zilipopangwa upya. Kabla ya hapo mbele ya baraza la wenye mji hawakuwa wote sawa, na majina ya koo bado yana uzito Amu na Malindi tukitaka tusitake. Binti anayenyimwa fungu lake la shamba na kaka zake hupelekwa kwa wazee ambao ni ami na wajomba za hao kaka, akaambiwa asivunje udugu. Sheria ya 1967, pamoja na kosa lake nililolitaja, iliweka katika kifungu cha 6 kwamba kadhi awasikilize mashahidi wote bila kuwabagua kwa dini wala jinsia. Ulinzi huo umeandikwa, na mwanamke anaweza kuukatia rufaa. Mapatano ya barazani hayana rufaa. Kwa hiyo swali la busara haliwi mahakama au wazee. Linakuwa jinsi ya kuipa mahakama ule wepesi wa kusema na kusikilizwa bila kuupoteza ulinzi ulioandikwa.

Wengine watanijibu kwamba jambo hilo limeshafanyika, wanioneshe mahakama za madai madogo. Sheria yake ya 2016 ni nzuri kweli: madai yasizidi shilingi milioni 1, hukumu itoke ndani ya siku 60, ushahidi usifungwe na masharti makali. Ndiyo inayothibitisha kwamba serikali ikitaka, inaweza kuandika utaratibu kwa ajili ya mtu asiye na wakili. Lakini sheria hiyohiyo imeziondoa kesi za umiliki na ukaaji wa ardhi. Mfanyabiashara wa Malindi anayedai bei ya saruji amefunguliwa mlango. Skwota na mrithi wamebaki nje. Na kufungua mlango peke yake hakutoshi: ibara ya 22 ya Katiba imepunguza masharti na kuondoa ada kwa anayedai haki za kikatiba, na wavuvi wa Lamu waliutumia mlango huo mwaka 2012 kupinga jinsi bandari ya Lamu ilivyojengwa. Walishinda, wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu hiyo ilitoka mwaka 2018, na baada yake kukafuata rufaa. Miaka sita kwa mtu ambaye bahari yake inachimbwa huku akisubiri ni mingi mno, na hapo walikuwa na wanasheria wazuri waliojitolea.

Nikiyaweka haya pamoja, naona kazi kubwa ya mageuzi haihitaji fedha nyingi kama ilivyohitaji mitambo. Inahitaji mabadiliko ya kanuni, na kanuni hutungwa na Kamati ya Kanuni iliyo chini ya kifungu cha 81, yenye majaji, Mwanasheria Mkuu na mawakili ndani yake. Kamati hiyo inaweza, bila kwenda bungeni, kurudisha kikao cha kwanza cha mdomo ambapo hakimu anawauliza wadaawa wenyewe pale mmoja wao asipokuwa na wakili. Inaweza kuibadili Amri ya 37 ili mzigo wa kuleta rejista uwe wa msajili wa ardhi. Inaweza kuchapisha fomu zote kwa Kiswahili na kuagiza mfumo wa kielektroniki uzipokee, jambo ambalo kifungu cha 86 tayari kinaliruhusu kwa mahakama za chini. Kurekodi ushahidi kwa lugha ulimotolewa kutahitaji bunge, na wabunge wa Lamu na Kilifi wana kila sababu ya kuwa wa kwanza kuliwasilisha. Mpaka sasa mijadala ninayoisikia ni ya kasi ya intaneti na idadi ya kompyuta, na hata wale wanaotutetea kwa moyo safi huomba minara na saiba za bure.

Kamati hiyo ina kasoro moja ambayo hata kanuni bora haitaiponya. Aliyewahi kusimama mbele ya hakimu bila wakili, akakosa la kujibu kwa sababu hakuelewa alichoulizwa, hana kiti ndani yake. Mwaka 1908 tarehe ya mwisho ya kudai ardhi iliwekwa na watu ambao hawangepoteza shamba lolote tarehe hiyo ikipita. Mtu kama yule mama wa saiba akipata kiti, swali la kwanza atakalouliza halitahusu kompyuta. Atataka kujua kwa nini hakimu, aliyemwona pale ukumbini akiwa na karatasi mkononi, hakuwa na ruhusa wala wajibu wa kumuita ndani amuulize ana shida gani.